Mume Wangu Amemfanya Marehemu Mamangu Muuaji wa Muvi

Admin, weka hii lakini jina langu libaki kwako. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, naishi Njoro. Nina msichana wa miaka sita na mimba ya miezi saba. Nimeandika nikafuta mara nyingi, leo natuma kabla nibadilishe mawazo.

Mamangu alikuwa na jicho moja jeupe. Lilipigwa na kijiti akipasua kuni akiwa msichana, likaharibika. Alijua linaogopesha watoto, kwa hivyo akipatana na mtoto njiani alikuwa anavuta kitambaa cha kichwa analifunika. Nikiwa form two, watoto wa majirani walikufa wakifuatana, watu wakaanza kusema ni lile jicho. Siku moja nikaitwa kwa ofisi ya shule nikaambiwa nyumba yetu imeungua na mama alikuwa ndani. Walisema ni stovu ya mafuta. Hakuna mtu alishikwa. Hiyo story sijawahi kuambia mtu isipokuwa mume wangu, mwaka wa kwanza wa ndoa, nikiwa nimemlalia kifuani. Alilia na mimi.

Mume wangu, nimuite Baba Shiro, hupiga video za harusi na matanga. Ndoto yake ni filamu. Mwaka huu aliungana na vijana wa chuo wakaamua kutengeneza muvi ya kutisha, ya mwanamke anayeua watu kwa nguvu za giza. Hawakuwa na kitu, na mimi nilifurahi kuwasaidia. Damu niliikoroga mimi kwa sufuria yangu, unga wa ngano na rangi ya keki. Vijana nikawapikia githeri. Script alikataa nisome. "Wewe ngoja," akasema, "utaona mwenyewe."

Ilionyeshwa Jumapili mchana kwa ukumbi wa kukodisha, watu wamejaa hadi mlangoni. Nilikaa mbele na mamamkwe. Muuaji aliigizwa na kijana wa chuo, mwanaume, amevalishwa gauni na wigi. Mara ya kwanza anatokea, kuna mtoto anacheza njiani. Muuaji akasimama, akashika kitambaa cha kichwa, akakivuta juu polepole. Chini yake kulikuwa na jicho jeupe. Mtoto akaanguka akitoka damu masikioni, ile damu yangu ya unga wa ngano.

Kila mauaji yalikuwa hivyo, kitambaa kinainuliwa, mtu anakufa. Kitu mamangu alifanya kwa huruma, na ni mimi nilikisema kitandani, kiligeuzwa silaha. Mwishowe wanakijiji wakamchoma ndani ya nyumba. Moto ulikuwa wa kompyuta, unaelea kando ya paa, watu wakaucheka. Lakini alipoanza kupiga nduru, ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mamamkwe pia alipiga.

Tukifika nyumbani nikamwambia, "Baba Shiro, yule ni mamangu."

"Sijataja jina ya mtu."

"Umetumia kitambaa chake."

Akaendelea kuvua viatu bila kuniangalia. "Mama Shiro, watu wanapenda kitu ya ukweli. Na yeye alishaenda. Ataumia wapi?"

Mamamkwe, ambaye tunaishi naye, alikuwa jikoni, akasikia yote. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana, wa pili jina la mama ya bibi, na scan imeonyesha nabeba msichana. Alitoka akanitazama tumbo, akasema polepole tu, "Hiyo jina haitaitwa kwa hii boma. Tafuta ingine." Tangu hiyo siku hali chakula nimepika.

Muvi ikawekwa mtandaoni, ikaenda mbali. Mzee mmoja wa kijiji nilikozaliwa, ambaye alibeba jeneza la mama, akaandika hapo chini: "Hii ilitokea kwetu. Huyo mchawi tulimmaliza sisi wenyewe." Watu wakampongeza. Mume wangu naye akamwekea emoji ya kopa, akampigia simu. Nilikuwa nakunja nguo, simu iko kwa spika. Yule mzee anacheka, anaeleza vile mlango ulifungwa na waya kutoka nje, na vile mama alikuwa anawaita mmoja mmoja kwa majina.

"Hiyo ya majina ni moto," mume wangu akamwambia. "Lazima tuiweke."

Miaka hii yote nilikuwa najiambia moshi ulimlewesha akalala, hakujua.

Sasa anataka part two. Ni ya mjukuu wa mchawi, anazaliwa na jicho jeupe. Mimi ndiye niigize mama mjamzito. "Tumbo tayari iko," akasema, "hatununui kitu." Nikakataa. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliniambia nikitaka kwenda niende, lakini Shiro atabaki na nyanya yake. Shooting ni Jumamosi, hapa kwetu, na yule mzee amealikwa aje awaonyeshe vile ilikuwa. Nimeambiwa nimpikie.

Nimefikiria kwenda polisi. Lakini nitasema nini, na ni nani atanisimamia, kama bwanangu mwenyewe ndiye anamlipia huyo mzee nauli?

Jana nilikuwa nachambua maharagwe, Shiro akaja akaniwekea mkono kwa tumbo. Akaniuliza, "Mum, mtoto akitoka na jicho jeupe, watamchoma?"

Nikamwambia hapana.

Akaniuliza, "Umejuaje?"

Nikaendelea kuchambua maharagwe. Wazazi wenzangu mnaosoma hapa, nimkaribishe huyo mzee, nimshtaki, ama nimchukue Shiro nitoke na hili tumbo nisijue ninaenda wapi? Niambieni ukweli hata kama unauma. Nifanye nini?