Furu wa Bibi

Wiki iliyopita nilipita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na muuzaji mmoja akaniapia kwamba samaki wadogo aliowamwaga kwenye beseni ni sato watupu. Nikainama kuwachambua bila hata kufikiri. Mikono yangu ilifunzwa na bibi mzaa baba, kwa makofi.

Utotoni mwangu, alfajiri wavuvi wakishatua ufukweni kwetu, tulikaa kuzunguka dagaa waliokuwa bado wanarukaruka, tukitoa vitoto vya samaki vilivyochanganyika humo. Vya sato vilirudishwa ziwani vikue. Furu, samaki wasiokua zaidi ya kiganja, walianikwa juani. Vikiwa vidogo hivyo vinafanana mno, lakini bibi alitazama mara moja tu. Ukikosea, alikusugua mkono kwa miba ya samaki huyohuyo. Majirani walisema macho yake hayajawahi kukosea, naye alipenda sana kulisikia hilo.

Ndiyo maana mama alipojifungua mdogo wangu, nyumba nzima ilimsubiri bibi. Alifunua khanga, akamgeuza mtoto huku na huku, akamvuta sikio.

“Huyu si wa kwetu. Mrudisheni na mama yake kwao Usagara.”

Baba akawafungia mizigo. Mama aliondoka na mtoto mgongoni, mimi nikabakizwa, kwa kuwa bibi alisema mimi ni sato wake.

Wiki ileile bibi alitupa kitoto kimoja upande wa kuanikwa. “Furu,” akasema. Nilikiiba, nikakitia kwenye pipa la maji nyuma ya jiko, nikakilisha pumba na makombo ya ugali, nikiomba Mungu kiwe sato. Miezi ikapita, kikakua. Mistari ikajitokeza mkiani, mistari ya sato kabisa. Nikampelekea baba samaki wangu akiwa hai kwenye bakuli.

“Baba, bibi alisema huyu furu. Tazama mkia! Basi hata kwa mtoto alikosea. Mama arudi.”

Baba aliutazama mkia, kisha akamtazama mama yake. Bibi alinipokonya bakuli, akamparua magamba samaki akiwa bado anatapatapa, akamkaanga, akaniwekea na ugali.

“Kula furu wako.”

Siku hizi furu wengi wametoweka, sangara amewala. Bibi tulishamzika. Mdogo wangu nasikia anachunga ng’ombe wa watu huko Usagara na hataki kusikia jina letu. Wenzangu wakikumbuka utoto hutamani mapishi ya bibi zao. Mimi namkumbuka baba jioni ile, alivyonyoosha mkono kwenye sahani yangu, akamega kipande, akatafuna polepole. Ladha ya sato aliijua tangu utotoni.

Akasema chumvi imepungua.