Malezi ya Muda

Mama Vifungo, fundi wa kushona sare za shule, alikuwa amepiga magoti akipima pindo la sketi aliposikia hodi ya afisa wa ustawi wa jamii. Wala hakushtuka. Dada huyo wa miwani alizoea kupita kila mwezi kumtazama mtoto aliyelelewa hapo, kuandika mawili matatu na kwenda zake.

"Mama, leo nina habari njema. Mama yake mtoto amepona. Anarudishiwa mwanawe."

Pini zilimtoka Mama Vifungo mdomoni, zikatawanyika sakafuni.

"Si mlinipa?"

Afisa alivua miwani. "Hatukukupa, mama. Tulikukabidhi umlee kwa muda."

Mama Vifungo na mumewe, mchomeleaji wa mageti na madirisha, hawakujaliwa mtoto. Walipojiandikisha ustawi kuwa walezi, waliletewa binti wa miaka mitatu, gauni limepasuka begani, wakaambiwa ni siku tatu tu. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi kumi na minne. Karatasi zilipoletwa, Mama Vifungo alitia saini bila kuzisoma. Mume alimchomea mtoto kitanda cha chuma. Mtoto akaanza kumwita Mama Vifungo "mama". Alipouliza kuhusu yule mama mwingine, Mama Vifungo alimjibu, "Amesafiri mbali. Harudi tena."

Hakuna aliyemtuma aseme hivyo. Ofisi haikumsimulia yaliyompata yule mama, basi akajitungia mwenyewe: mlevi, mzururaji, mtu wa kutupa mtoto kama ganda la ndizi.

"Zile siku tatu za mwanzo zilikuwa malezi ya dharura," afisa alieleza taratibu. "Mtoto hana pa kulala, tunampeleka palipo na mlango wazi. Tukatafuta ndugu, maana ndugu ndio tunaowafikiria kwanza. Hawakupatikana. Ndipo yakawa malezi ya muda, tukimsubiri mama yake. Yapo pia ya muda mrefu, kwa mtoto asiyeweza kurudi kwao. Lakini kuasili ni jambo la mahakamani. Hapo ndipo mtoto anakuwa wako kabisa."

"Mimi nilijua malezi ni malezi."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Ulisaini kama mtu anayefukuzwa na nyuki," alisema, akatoka. Mchana ule mashine yake ya kuchomelea haikulia hata mara moja.

Ijumaa mama mzazi alikuja na afisa. Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kumchukia. Aliyeingia ni msichana wa miaka ishirini na kitu, anatembea kwa magongo mawili, jasho linamtiririka kwa hatua chache tu za kutoka barabarani. Afisa alieleza kwamba alikuwa akibeba zege kwenye jengo, akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Kapasuliwa mara nne, kisha akajifunza kutembea upya kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama Vifungo aliitika marahaba, akaketi.

Msichana alimnyooshea mwanawe mkono. Mtoto alirudi nyuma ya cherehani. "Mama yangu yule alisafiri mbali," alisema. "Harudi tena."

Msichana alimtazama afisa. Afisa akamtazama Mama Vifungo.

Mama Vifungo angeweza kukaa kimya, watoto husema mengi. Lakini aliona aibu, akapiga magoti mbele ya mtoto. "Mwanangu, ni mimi niliyekudanganya. Mama yako hakusafiri. Aliumia, akawa hospitali, na siku zote alitaka kukujia. Ni huyu hapa."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?" msichana aliuliza.

"Nilitaka awe wangu."

Msichana alilia kwa hasira, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Afisa alipanga wiki tatu za kutembeleana ili mtoto amzoee mama yake. Siku ya mwisho mtoto aliondoka ameshika gongo la mama yake, akijidai anamsaidia kutembea.

Mwezi mmoja na nusu ukapita. Asubuhi moja msichana alisimama tena mlangoni, safari hii kwa gongo moja, mtoto pembeni, afisa nyuma yao.

"Kila wiki mbili nashinda hospitali kwa mazoezi ya mguu," alisema. "Dada huyu wa ustawi ameniambia kuna malezi ya mapumziko, mtoto anakaa na mlezi siku moja moja, mzazi apate nafasi. Nimekutaja wewe."

"Mimi? Baada ya niliyoyafanya?"

"Sijakusamehe yote, mama. Lakini anakuulizia. Na sijui mtu mwingine anayejua kwamba hapati usingizi bila kushikwa sikio."

Mama Vifungo alikuwa ametarajia matusi, na matusi angeyajibu. Mtoto alikuwa ameshampita, kaingia ndani. Mama Vifungo alivuta kiti, akakifuta kwa kanga, yule msichana akae apumzishe mguu.