Mwimbaji wa Kabatini

Mimi hurekodi nyimbo nizipendazo kwa simu, ndani ya kabati la nguo, mtoto akilala. Juzi mlango ukagongwa, nikafungua: jirani wa juu, bibi wa Kihindi, hapa Kingsbury, Uingereza. Basi keshanishtaki kaunsili, wenye nyumba hizi; nyumba imekwenda, tutalala wapi!

"Wewe ndiye unayeimba?" Kumbe Kiswahili chake cha Unguja.

"Nisamehe, Bi Mkubwa, sirudii tena."

"Nikusamehe nini? Huo wimbo uliimbwa harusini kwangu. Mbona kila siku unaishia ubeti wa pili?"

"Mtoto huamka."

Akanyoosha mikono. "Nipe mimi, mwanangu. Wewe kamalize."

Wasomaji, miezi yote nimemsingizia mtoto. Ubeti wa tatu sijawahi kuujua. Ikabidi aimbe yeye, mtoto begani, mimi nirekodi.