Kofia Nyeupe ya Verlean Stigall

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Odessa, mama yake Verlean, alichumia juani tangu utoto wake, akipalilia pamba ya Wazungu hadi mgongo ukakataa kunyooka, lakini kivuli hakukiona. Alifia katika kibanda cha mbao cha mwenye shamba, mvua ikidondokea ndoo iliyowekwa kando ya kitanda. Ungedhani mtoto aliyeyaona hayo angeichukia kazi. Verlean hakuichukia. Alichosema, tukiwa bado tumevaa nguo za msiba, ni kwamba mama yake alifanya kazi isiyo na ngazi, na kwamba yeye ngazi ataitafuta mpaka aipate.

Mimi ni Cleotha Banks. Mimi na Verlean tulizaliwa barabara moja, nje kidogo ya mji wa Tarver, huku Delta ya Misisipi. Tulipofika utu uzima, mashine zilikwishatupokonya pamba, na wenye mashamba walikuwa wanachimba mabwawa na kufuga kambale. Kikajengwa kiwanda cha kuwachuna na kuwakata minofu. Haukupita muda, karibu kila mwanamke Mweusi wa Tarver akawa amesimama humo ndani, buti za mpira miguuni, kisu mkononi, samaki wakimjia juu ya mkanda wa mashine usiochoka.

Verlean alisimama kulia kwangu. Kushoto kwangu alisimama mdogo wake, Idella. Hao wawili walinyonya ziwa moja lakini usingeamini. Idella alijaliwa mdomo.

"Cleotha, mtazame huyu," angesema, akiinua kambale kwa mkia. "Masharubu kama ya mume wangu wa kwanza."

"Mwache marehemu apumzike."

"Marehemu gani? Yuko Memphis. Na huyu samaki ana faida kumshinda."

Laini nzima ingecheka, isipokuwa Verlean. Yeye alikuwa anakata. Kisu chake kilipita mgongoni mwa samaki mara moja tu, na mnofu ukaanguka mzima, bila mfupa. Hakuchelewa kazini hata siku moja. Alipougua homa alikuja nayo.

Meneja wetu, Bwana Hollis Crain, alikuwa Mzungu wa makamo mwenye sauti ya upole. Alipenda kupanda juu ya kreti kabla ya zamu kuanza na kutusimulia maisha yake.

"Mimi nililala na njaa huko milimani Tennessee," angesema. "Baba yangu hakuniachia hata jembe. Lakini nchi hii haimuulizi mtu ametoka wapi. Inamuuliza jambo moja tu: utafanya kazi?"

"Ajabu," Idella akaninong'oneza. "Mimi kila siku inaniuliza nimetoka wapi."

"Nyamaza," Verlean akasema. "Mtu anakupa siri ya maisha yake, wewe unapiga porojo."

"Siri gani hiyo inayotangaziwa kiwanda kizima?"

Lakini Verlean aliyameza maneno yale kama dawa. Nilimwona midomo ikicheza, anayarudia kimoyomoyo.

Na haikuwa bure. Ulikuja msimu wa kuvua ambao msimamizi wetu aliacha kazi, na Bwana Crain akampa Verlean kofia nyeupe ya plastiki, kofia ya msimamizi. Wasimamizi wote waliotangulia walikuwa Wazungu. Jumapili ile alitualika kwake baada ya ibada. Palikuwa na kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi na pai ya viazi vitamu. Samaki hakupikwa.

Idella akasimama na glasi ya chai ya barafu. "Haya, sasa tukuiteje? Bosi? Bibi Mkubwa?"

"Niite dada, kama siku zote."

"Na kazini?"

Verlean akafikiri kidogo. "Kazini niite Bi Stigall."

Tukacheka sote. Tulidhani ni utani.

Mwaka ule akaanza kujenga nyumba ya matofali kando ya barabara kuu, upande wa Wazungu, ambao sisi tulikuwa tunaufikia kwa kufagia nyumba zao tu. Mumewe, Roosevelt, alikuwa dereva wa lori la chakula cha samaki, mtu wa maneno machache. Jioni ungewakuta wawili hao wamesimama kwenye msingi, wanaonyeshana dirisha litakapokaa. Niseme kweli, tulijivunia. Tuliokuwa tunapita pale tulipunguza mwendo ili tuiangalie vizuri.

Bwana Crain alimwambia kwamba akiendelea hivyo, atampeleka ofisini. Kisha akaongeza kasi ya mkanda. Kazi ya Verlean ikawa kutembea nyuma yetu na kuhakikisha hakuna anayeachwa nyuma na mkanda. Aliyeomba kwenda chooni aliambiwa asubiri. Aliyeumwa aliambiwa avumilie. Hakututukana, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mimi nilisimama hapo hapo ulipo," na hilo lilikuwa gumu kulijibu kwa sababu lilikuwa kweli.

Ila kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Siku moja nilimkuta chooni, amesimama mbele ya sinki, anajaribu kufungua bomba kwa kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kukunjika, havinyooki wala havishiki.

"Verlean! Tangu lini?"

"Fungua maji, Cleotha."

Nikafungua. Akaiweka mikono chini ya maji ya moto, akafumba macho. "Usimwambie mtu," akasema. "Hasa Idella."

Sikuwa na haja ya kumwambia Idella. Mikono yake nayo ilikuwa imeshaanza. Kukata samaki mmoja baada ya mwingine, mkono ule ule, mkato ule ule, ndani ya baridi ile, kunaua mishipa. Kwanza mkono unauma usiku, halafu unakufa ganzi hata mchana. Kisu kikawa kinamponyoka. Akaacha mizaha, na hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Akamwita dada yake. Nilikuwa katikati yao, nilisikia kila neno.

"Dada, mkono huu hauko. Nikiushika naona kama nimeshika mkono wa mtu mwingine. Nipeleke kule kwenye kufungasha, hata kwa muda."

"Kufungasha kumejaa."

"Basi niende kwa nesi."

"Ukienda kwa nesi watasema huwezi kazi, wataleta mwingine. Kila mtu anaumwa mkono hapa, Idella. Mimi niliumwa, nikavumilia. Leo niko wapi?"

"Uko kwenye kofia." Idella akamtazama. "Na mikono yako iko wapi?"

Verlean alikuwa ameiingiza mifukoni. Akaenda zake.

Baadaye wiki ile, mwanamke wa mashine ya kuchuna ngozi hakuja. Verlean akamhamishia Idella pale. Naamini alidhani anamsaidia, maana pale hakuna kisu. Unaulaza mnofu juu ya meno yanayozunguka, meno yanavuta ngozi, basi. Lakini pale lazima vidole vijue vilipo.

Idella hakupiga kelele. Aliangalia chini tu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Cleotha, kile ni changu?"

Nikakimbilia swichi. Verlean akaja mbio, akavua aproni yake, akaufunga mkono wa mdogo wake, na damu ikapita kitambaani ikaanza kudondoka kwenye buti zake. Vidole vitatu vilikuwa vimekwenda. Wakampeleka hospitali nyuma ya pikapu ya kampuni. Sakafu ilipokwisha kupigwa maji, mkanda ukawashwa tena.

Idella aliporudi, mkono umefungwa bendeji kama boga, Bwana Crain alituita ofisini kwake sote watatu, Idella, mimi na Verlean. Alituletea viti. Alimuuliza Idella kama ana maumivu. Kisha akageuka.

"Bi Stigall, wewe ndiye msimamizi. Je, mdogo wako alikuambia kwamba mkono una shida?"

Kama angesema ndiyo, kampuni ingebeba gharama na yeye angebeba lawama. Hilo tulilijua sote mle ndani. Verlean alitazama ukutani, ilipotundikwa picha ya Bwana Crain akiwa kijana juu ya trekta.

"Hapana, bwana," akasema. "Hakuniambia."

"Basi ajali ilitokeaje?"

"Hakuwa makini. Alikuwa anaongea, kama kawaida yake."

Mimi nikasema si kweli. Nikasema nilikuwa nimesimama katikati yao, Idella alimwambia, alimsihi. Bwana Crain akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Cleotha, najua wewe ni rafiki yake," akasema, na neno langu likaishia hapo.

Idella akainuka. Hakumtazama meneja. "Mama alikufa hana kitu, Verlean," akasema. "Lakini hakutuuza." Akatoka. Hakupewa hata senti, na kazi akawa amefukuzwa.

Tangu siku ile, Verlean akiingia kanisani, Idella alihama benchi.

Mikono ya Verlean haikumpa hata mwaka. Walikuja wageni, wanunuzi kutoka Chicago, na Bwana Crain akamtaka awaonyeshe minofu bora ya laini yake. Akainua trei mbele yao. Trei ikamtoka, samaki wakasambaa sakafuni hadi kwenye viatu vya wageni. Akapiga magoti kuwaokota, hakuweza. Minofu ilikuwa inateleza kati ya vidole vile vilivyokunjika, na yeye anajaribu tena na tena, sisi tumesimama tunatazama, mpaka Bwana Crain akamwambia inatosha.

Jioni akamwita. Verlean mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Umefanya kazi nzuri sana," Bwana Crain alimwambia. "Sasa kapumzike."

"Lakini bwana, uliniahidi ofisi."

"Ofisini watu wanaandika, Verlean. Wewe utashika kalamu kwa vidole gani?"

Nyumba ya matofali haikuwa imepigwa hata plasta. Roosevelt alijaribu kuimaliza peke yake, akashindwa, wakaiuza kwa mwalimu mmoja, na wao wakapanga nyumba ya mbao nyuma ya kanisa. Roosevelt alifariki huko. Nilikuwa nikienda kumsaidia Verlean kufua, na siku moja uvumilivu ukanishinda.

"Walikutumia," nikamwambia. "Walipokumaliza wakakutupa. Na mdogo wako umempoteza kwa ajili yao."

"Kwa Idella nilikosa, na Mungu anajua silali," akasema. "Lakini haya mengine ni mimi mwenyewe, Cleotha. Sikujituma vya kutosha. Nilichelewa kuanza. Bwana Crain alitoka chini kabisa. Kama yeye aliweza..."

"Bwana Crain hajawahi kushika kisu maisha yake!"

Akaniomba niondoke nyumbani kwake. Nikaacha nguo ndani ya karai nikaondoka.

Idella alikuwa na binti, Renita. Alipomaliza shule alitafuta kazi kila mahali Tarver, na Tarver haina kila mahali pa kutafuta. Siku moja, bila kumuuliza mtu, Verlean akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda hadi kiwandani, akasubiri kwenye geti mpaka Bwana Crain alipotoka, akamwombea yule msichana nafasi. Akaipata. Akaenda kumwambia Idella akiwa na furaha ya kweli. Alidhani amepata kitu cha kumpelekea.

Mimi nilikuwa barazani kwa Idella, tunamenya mbaazi.

"Umemwombea nani?" Idella akauliza.

"Renita. Anaanza Jumatatu. Nilimwambia Bwana Crain huyu ni damu yetu, ni mchapakazi."

Idella akaliweka bakuli chini. Akaunyanyua mkono wake wenye kidole gumba na kidole kimoja, akauweka mbele ya uso wa dada yake, karibu kabisa, akauacha pale.

"Hebu sema tena," akasema.

Verlean akarudi hatua moja nyuma.

Renita ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni. "Mama, nitakwenda. Kuna kazi gani nyingine?"

Jumatatu alikwenda. Na Idella, sikulitegemea hili, alimfuata dada yake njiani, akamwambia, "Kama anakwenda, mfundishe kushika kisu vizuri. Wewe ndiye unayejua." Ikawa kila jioni Verlean anakaa na yule msichana, anamweleza kwa mdomo, kwa sababu mikono ilikuwa haiwezi kuonyesha: legeza kiwiko, badilisha mkono, ukisikia ganzi usimfiche mtu. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi. Idella alikuwa akiwapelekea chakula. Hakukaa nao.

Verlean alifariki majira ya baridi, moyo ulisimama akiwa usingizini. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi kiwanda kinafanya kazi. Renita aliomba ruhusa, akaambiwa mama mkubwa si mama mzazi. Tulikwishaimba, mchungaji alikwishamaliza, na jeneza lilikuwa linateremshwa, ndipo alipokuja anakimbia kati ya makaburi, buti za mpira miguuni, vipande vya barafu bado vimeganda kwenye mikono ya koti, ananuka samaki. Hakuna aliyesogea kukwepa harufu. Idella akampokea kwa ule mkono mbovu, akamvuta karibu, na wote wawili wakasimama kuangalia udongo ukiingia.

Kiwanda kilileta maua. Renita aliyaweka juu ya kaburi na mengine, kisha akarudi kumalizia zamu.