K Mbili Mkononi, Ng'ombe Mmoja Zizini

Ndugu zangu, macho ya mama yangu niliyapoteza kwenye meza ya poka, Jumapili, mchana kweupe. Na sikusikia chochote. Hata chozi.

Naitwa Yoakimu, wa kijiji cha Daudi, Mbulu. Nalima kitunguu swaumu. Pembeni nacheza poka, kamari ya karata, kwenye simu, meza za hela ndogo, za watu wasio na haraka.

Nilikuwa na nidhamu, msinicheke. Mtaji niliukata vipande ishirini, na meza moja haikuona zaidi ya kipande kimoja. Ukiliwa, unafunga simu, unarudi kupalilia.

Hiyo nilijifunza kwenye video ya Mzungu mmoja, nikajiona nina akili kuliko marehemu baba. Baba huyo, Mzee Bura, alichunga maisha yake yote, akatuachia ng'ombe mmoja zizini. Kimoyomoyo nilikuwa namwita kapuku.

Sasa mama, Efrazia, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali wakasema njooni Jumatatu na hela. Nikamwambia, "Mama, hela ya macho ni juu yangu."

Mtaji wangu ulikuwa nusu tu ya hela hiyo.

Watu wakiwa misani, nikapanda kwenye kichuguu, mtandao unaposhika. Nikaingia meza kubwa na mtaji wote. Mara moja tu, nikajiambia.

Nikapewa K mbili, karata ambazo mwanzoni ni A mbili tu zinazozizidi. Nikasukuma hela zote. Jamaa akafuata hapohapo, akafunua A mbili.

Nimeliwa.

Nilitazama ile sifuri kama mtu anayesoma bei ya mbolea. Halafu nikashuka, nikaenda kumkatia ng'ombe majani. Ganzi tupu.

Jioni nikaingia jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hela imeisha?"

Nikainama kuchochea moto.

"Mpigie Mzee Hilary wa Basotu. Mwambie Efrazia anaomba dume mmoja auzwe."

"Dume wa nani?"

"Wa baba yako. Wako watatu kule."

Nikakaa kwenye gunia la mahindi. Mama akanieleza taratibu, huku akipapasa mwiko. Baba aliwaweka ng'ombe kwa marafiki. Wao wanatunza na kunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wake. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanapona.

Wazee wa kwetu wanafanya hivyo, na mimi nilijua. Ila kwa baba yangu nilihesabu nilichokiona zizini, basi.

Mzee Hilary alituma hela kabla ugali haujaiva. Dume atamuuza mnadani, akasema, tusisubiri mnada.

"Na wengine, mama?"

"Wengine wapo."

"Wapo wapi?"

Akageuza ugali kwanza.

"Baba yako aliwatawanya kwa sababu ya ukame. Na ugonjwa." Akafunika sufuria. "Na wewe."

"Mimi?"

"Unaongea na ile simu kule kichuguuni, Yoakimu. Mimi sioni, lakini masikio ninayo. Hata baba yako alikuwa anakusikia."

Hapo ndipo ganzi ilipotoka, na ikauma sana.

Mama anaona siku hizi. Hao ng'ombe wengine mpaka leo sijui wako kwa nani, na sijauliza.

Ninyi mnaocheza, gaweni mtaji, msiweke wote meza moja. Ila ukiona nyumbani kwenu hakuna mali, usikimbilie kuwaita wazazi wako makapuku. Huenda ipo, na wanaikinga na wewe.