Ushahidi wa Ogaka Nyuma ya Pazia

Wengine huaibika faraghani, mimi niliaibika dispensari, siku ya kliniki, benchi zote zimejaa akina mama. Heri mnisikie mimi kabla hamjawasikia wao.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Kosele. Nilikuwa natibu mashilingi ya ngozi, yale mabaka ya duara yanayowasha, kwa ogaka (ule mmea wa miiba, maji yake machungu kuliko talaka) na watu walikuwa wanapona. Sasa nesi mpya akaanza kuwaambia akina mama waache, ati dawa yangu haina ushahidi. Haina nini! Binti yangu Akinyi alikuwa amechukua ogaka kwangu ampelekee jirani yake, na jirani akapona, basi nikamwambia amlete huyo jirani dispensari, nesi amwone.

Jirani akaletwa kwa mlango wa nyuma, akalala kifudifudi nyuma ya pazia. Nesi akaniita bibi kwa Kijaluo, "Dani, wewe ngoja hapa. Nitakuja nikuambie."

Mimi niambiwe? Nikavuta pazia lote, wanawake nyuma yangu wanachungulia, Akinyi ananivuta leso, "Mama, wacha! Yawa, mama!" nami sisikii, maana makalio yalikuwa safi, yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, nikayapiga kofi, pah!

"Ona, nesi! Sema, mwanangu, umeponywa na dawa ya nani?"

Sauti ikatoka kwenye mto: "Ni yako, mama."

Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kwangu kumposa Akinyi. Hakukuwa na jirani! Mkwe wangu alikuwa ameona haya kutajwa, na sisi Wajaluo, mkwe hata kula mbele yake siwezi, sembuse kumpiga kofi pale.

"Na ile dawa ya tyubu niliyopewa hapa," akaongeza. (Akinyi aliolewa na mtu mkweli, Mungu anisaidie.)

Nesi akauliza, "Sasa, Dani, tutajuaje ni ipi iliyomponya?"

Atamuuliza nani? Mimi nilikuwa nimeshafika barabarani, kiatu kimoja mguuni.

Baadaye nesi alinipata sokoni, akasema hajaikataa ogaka, anataka tu watu wanaopaka hiyo peke yake. Nikamwambia awatafute mwenyewe, awaangalie mwenyewe. Dawa bado natoa. Lakini mwanamume akija, kabla hajagusa hata kifungo cha shati, nauliza kwanza: umeoa kwa nani?