Jina Nililolikata Kwenye Tangazo la Kifo

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo katika redio ndogo mjini Tororo. Sauti yetu ilivuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho, ikasikika Busia zote mbili, ya kwetu na ya Kenya, na kwa sababu hiyo kipindi changu kilikuwa cha Kiswahili. Saa saba mchana wenye mashine za kusaga walizima injini ili wasikie nani ametutoka.

Mgeni anaweza kudhani tangazo la kifo linamhusu marehemu tu. Kwetu uzito uko kwenye orodha. Ukishamtaja marehemu, unasema habari ziwafikie wafuatao, kisha unataja wajane, watoto, ndugu na wakwe. Aliyetajwa ni wa nyumba hiyo. Asiyetajwa ana kazi ya kujieleza. Nimewahi kugombezwa kwa sababu shangazi wa mtu alitajwa baada ya jirani.

Kanuni za utangazaji zilibandikwa karibu na mlango wa studio. Moja ilisema kwamba habari ikigusa heshima ya mtu, mtu huyo asikilizwe kwanza. Nilisoma hadi kidato cha nne na niliielewa vizuri. Tena nilijivuna. Siku moja ofisa wa wilaya alipiga simu akitaka tuache habari ya barabara iliyotengenezwa nusu, nikamjibu kwamba habari hiyo itasomwa, na nikaisoma. Kisa hicho nilikisimulia kwenye harusi na matanga mpaka mke wangu akaniambia nipumzike.

Kisha akafa mchuuzi mmoja wa mahindi huko Masaba, mtu niliyesoma naye. Aliacha wake wawili. Wa pili alitoka upande wa Kenya na alikuwa amemzalia watoto wawili. Tangazo lililetwa na kaka mkubwa wa marehemu, ambaye tuliketi naye benchi moja kanisani. Karatasi ilikuwa na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji na majina ya wajane wote wawili na ya watoto wao.

"Huyu wa pili mkate," akasema, kidole chake kikiwa juu ya jina.

"Mwenyekiti ameshapiga muhuri."

"Muhuri ni wa kifo. Mambo ya nyumba ni yetu. Ng'ombe wa mahari hawakufika kwao, wewe unajua. Ama wewe ndiye shemeji yake?"

Akacheka, nami nikacheka. Nikapiga mstari juu ya jina la mama, nikaendelea hadi majina ya watoto wake. Saa saba nikasoma kwa sauti yangu nzuri ya msiba.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mazishi, yule mama alikuja studio na karatasi aliyoandika mwenyewe.

"Mzee, umekula ugali nyumbani kwangu. Nani alikupakulia?"

"Pole, mama. Tangazo likishasomwa, limesomwa."

"Basi soma na langu."

"Lako halina muhuri."

Muhuri ulikuwa kwenye karatasi ile niliyoikata, ndani ya mtoto wa meza, mbele ya magoti yangu. Mama akakunja karatasi yake, akaondoka.

Kwenye mazishi hakuketi karibu na jeneza. Aliketi na wanawake waliokuja kupika. Matanga yalipokwisha, shemeji zake walimwambia arudi kwao na watoto wake, kwa sababu hata redio haikuwataja. Alikataa kuondoka. Wakaanza kugawana mashamba.

Kesi aliyofungua mama ilipofika kwenye baraza la kata ndogo, nilikuwa nimestaafu. Aliniomba nikaseme ukweli. Karatasi haikuwepo tena, maana redio hutunza matangazo kwa muda uliowekwa, kisha huyachoma. Kilichobaki ni mdomo wangu.

Yule kaka alinifuata nyumbani.

"Ukisema ulikata, umejifunga mwenyewe," akasema. "Halafu watafungia redio. Si wewe ndiye ulikuwa unapigania uhuru wa habari?"

Naona aibu kuandika kwamba maneno yake yalinipendeza. Kwa wiki nzima nilijificha nyuma ya maneno hayo. Nilijiambia kwamba mwanahabari halazimishwi kumtaja aliyempa habari. Ni kanuni njema, imewaokoa watu wanyonge waliotuambia mambo ya wakubwa. Lakini huyu hakuwa mnyonge, na hakuniletea siri. Alinionyesha jina kwa kidole, nami nikalifuta. Simu ya ofisa niliikataa kwa sababu alikuwa mbali. Kidole cha rafiki kilinishinda.

Nikaenda, nikasema yote. Mwenyekiti wa baraza, mwanamke mpole, aliuliza, "Mzee, kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka aendelee kunipenda," nikajibu. Watu wengine walicheka. Yule kaka alitazama dari.

Baraza lilimpa mama nyumba yake na kishamba kilicho nyuma. Shamba kubwa lilikuwa limeshauzwa, na aliyelinunua hakuwa na kosa. Redio haikufungiwa. Ilitakiwa kusoma masahihisho saa ileile ya kipindi cha vifo, na binti aliyechukua nafasi yangu akayasoma, jina la mama na majina ya watoto wote wawili. Niliyasikiliza nikiwa kitini kwangu. Hayakufika dakika moja, kisha likaja tangazo la saruji.

Mwaka jana nilikutana na yule mama Lumino siku ya soko. Alikuwa amebeba mihogo. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mke wangu. Nilitafuta namna ya kuomba msamaha, akanitangulia.

"Lile shamba kubwa sasa ni miwa," akasema. "Umeliona?"

"Nimeliona."

"Mimi napita hapo kila siku nikienda kisimani."

Akaweka mihogo sawa kichwani, akaniaga, akaendelea na njia yake.